Maneno Yenye Baba

Jumbe Amissi alimchukia shemeji yake Chausiku tangu siku ile ndugu yake Assumani alipomwingiza nyumbani na kusema, huyu ndiye mke wangu. Hakumchukia kwa kosa lolote. Alimchukia kwa sababu hakuwa na kwao. Chausiku alivushwa ziwa angali kitoto, kamba shingoni, akitokea huko Manyema, na alipoulizwa baba yako nani hakuwa na la kujibu. Na katika Rumonge ya Waswahili ya wakati ule wa Wadachi, ndio Wajerumani, mtu asiyeweza kutaja baba na babu yake hakuwa na thamani zaidi ya mtumbwi uliotoboka. Amissi mwenyewe alitaja babu hadi wa saba, aliyetoka Maskati. Kama huyo wa saba aliongezwa juzijuzi tu, hakuna aliyethubutu kumwuliza, kwa maana Wadachi walikuwa wamempa cheo cha jumbe, na askari wawili, na ruhusa ya kuchapa watu.

Assumani alipokufa kwa malale, Amissi hakungoja hata arobaini iishe. Alikuja akamchukua Asiya, mtoto pekee wa marehemu, akasema mtoto ni wa ukoo wa baba. Pamoja na mtoto ikaenda michikichi ya shamba la Kizuka aliyoachiwa na baba yake, kwa sababu anayemlea mrithi ndiye anayekamua mawese yake. Chausiku aliachiwa kibanda karibu na ziwa, chungu cha kuchemshia ngazi, yale matunda ya mchikichi, na ruhusa ya kumwona mwanawe siku za Idi. Mtu mwingine angeona haya. Amissi hakuzaliwa nayo.

Kwa hiyo Chausiku hakuwa na haja nyingine duniani ila moja, Asiya arudi. Alikuwa akimwona sokoni kwa mbali, amebeba kapu nyuma ya Mwasiti, mke wa Amissi, na mtoto akigeuza uso kama aliyeonywa. Kila mara Chausiku alirudi nyumbani akazitwanga zile ngazi kwa hasira mpaka mchi ukalia.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimeingia mwaka wa pili. Wadachi walikuwa na meli zao ziwani na walijiona wafalme. Kisha wavuvi wakaleta habari kutoka ng'ambo kwamba Waingereza wanakokota meli juu ya milima ya Kongo, kwa ng'ombe na kwa kamba, ili wazishushe katika Tanganyika. Watu wa Rumonge walicheka hadi wakashika mbavu. Meli ipande mlima? Amissi hakucheka. Yeye alipata ujumbe wake kwa kuwa wa kwanza kumwamkia Mdachi kwa Kidachi cha kubahatisha, na somo hilo hakulisahau. Kama mgeni mwingine yuko njiani, mwenye kumpokea kwa lugha yake ndiye atakayekuwa mkubwa wa mji.

Ubaya ni kwamba Rumonge nzima palikuwa na mtu mmoja tu mwenye Kiingereza, na mtu huyo alikuwa Chausiku. Siri hiyo aliwahi kumwambia mumewe peke yake, na Assumani, Mungu amrehemu, hakuwa na kifuniko cha mdomo, alimwambia kaka yake.

Amissi alikuja alasiri moja kwa kisingizio cha kukagua mawese ya askari. Aliingia uani bila hodi, akavuta kigoda, akakaa.

"Ile Kingereza ya kwa Misi yako, ingali iko kichwani?"

"Iko, shemeji."

"Mi si shemeji yako. Utanifundisha. Nikimaliza, utapata mutoto wako. Na ukitoa neno inje, utamupata kaburini."

Chausiku alimtaka aape. Amissi alisema neno la mwungwana linatosha. Chausiku alijua neno la mwungwana huyu lina uzito gani, lakini anayezama hachagui ubao wa kushika. Alikubali.

Sasa ni lazima isemwe alivyokipata hicho Kiingereza. Waingereza wa misheni walimkomboa katika msafara wakamrudisha ng'ambo, kwenye kisiwa chao cha upande wa Kongo. Mkuu wa pale alikuwa Bwana Penirosi, mtu wa dini na useremala, na dada yake, Misi Hana, alikuwa mgonjwa wa kitandani. Kazi ya Chausiku ilikuwa kumpepea. Misi Hana hakuwa na mtu wa kuzungumza naye, wala hakupenda kuzungumza habari za homa, basi alikuwa na kitabu kikubwa cha maneno ya Kiingereza, akilisoma neno moja moja na kumwambia yule mtoto limetoka wapi. Hakupenda maneno ya kila siku. Alipenda yale yanayosikika mara moja kwa mwaka, akayafuata nyuma, kutoka kwa Waingereza hadi kwa Wafaransa, kutoka kwa Wafaransa hadi kwa Waarabu au Wayunani, kama mtu anayefuata kijito mpaka kwenye chemchemi. Chausiku, ambaye yeye mwenyewe hakuwa na wa kumfuata nyuma, aliyahifadhi yote. Misi alikufa, Bwana Penirosi naye akamfuata, misheni ikafungwa, Chausiku akapanda mtumbwi wa wavuvi hadi Rumonge, na kitabu kikaliwa na mchwa. Maneno hayakuliwa.

Somo la kwanza lilikuwa ugomvi. Chausiku alianza na maji, moto, karibu, umelalaje. Amissi akakunja uso. Kila neno alilopewa aliliuliza swali lile lile alilowauliza watu: baba yake nani? Chausiku akasema, maji ni maji tu, Waingereza wamekuwa nayo tangu zamani huko kwenye baridi yao. Amissi akasema hayo ni maneno ya wapagazi, yeye hatampokea mkubwa wa meli kwa maneno ya wapagazi.

Ndipo Chausiku, kwa uchovu tu, akamtajia neno moja la Misi Hana: admirali. Mkuu wa merikebu zote za vita, akasema, na baba yake ni amiri wa Waarabu. Uso wa Amissi ulifunguka. Alilirudia mara nyingi, akalionja kama mtu anayeonja asali ya watu. Kumbe Waingereza nao wanazungumza maneno ya kwao Maskati! Tangu siku hiyo hakutaka jingine lolote ila lenye baba Mwarabu. Chausiku akampa arsenali, nyumba ya kuundia silaha, mwana wa dar-sinaa. Akampa magazini, ghala ya baruti, mwana wa makhazini. Akampa zenithi, pale mbinguni palipo juu ya utosi wa mtu, mwana wa samti, ndiyo njia. Akampa elembiki, chombo cha kutonesha marashi, ambacho baba yake Mwarabu na babu yake Myunani. Amissi alipenda sana hilo lenye babu.

Siku moja Chausiku alimwambia kwamba yako maneno ambayo Waingereza wenyewe, pamoja na vitabu vyao, hawajui yametoka wapi. Neno lao la mbwa ni mojawapo. Neno lao la msichana ni jingine. Misi Hana alikuwa akifika kwenye neno la namna hiyo anacheka na kusema, huyu ameingia nyumbani bila kubisha hodi na hakuna awezaye kumtoa. Chausiku aliyapenda kuliko yote, na alipomwambia Amissi sauti yake ililegea kidogo, kwa bahati mbaya. Amissi alitema mate kwenye majivu.

"Mbwa na musichana," alisema. "Hayo ni ya watumwa. Ukae nayo wewe."

Chausiku aliinamia chungu machozi yasionekane. Tangu hapo alimfundisha kama mtu anayelipa deni la damu. Hakutabasamu, hakuuliza hali, alitoa neno na kulipokea likirudishwa.

Na namna ya kulirudisha alichagua Amissi. Yeye alikuwa mtoto wa chuo, Kurani aliingizwa kwa fimbo, na kwake elimu haikuwa elimu kama haikuimbwa. Alikunja miguu, akafumba macho, akayumba mbele na nyuma, na kuyatoa maneno yote kwa mkufu mmoja, la kwanza mpaka la mwisho. Wasomi wa namna hiyo ukiwauliza lililo katikati hawawezi kulichomoa. Lazima waanze mwanzo, na wakishaanza, kusimama njiani ni kosa, kwa kuwa aliyesimama njiani zamani alionja bakora. Hata ulimi wa mzee wa miaka sitini bado unaiogopa bakora hiyo.

Tena chuoni kila elimu ina mkufu wa walioipokeza. Nimeipokea kwa fulani, naye kwa fulani. Chausiku alimwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, jina la mwalimu atalitaja vipi. Amissi alimtazama kana kwamba mbuzi amezungumza. Yeye, mjukuu wa Maskati, aseme mbele za watu kwamba amepokea elimu kwa mjakazi wa Manyema? Alilitupa jina la Chausiku nje ya mkufu, na la Misi Hana akalitupa pia, kwa kuwa mwanamke ni mwanamke hata akiwa mweupe. Akaweka la Bwana Penirosi, ambaye hakupata kumwona hata kivuli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini Amissi alikitaka na shingo ameikaza vile vile. Hakuleta ubani wala halwa ya kuhitimu. Hakuubusu mkono wa mwalimu wake. Hata maji ya kunywa alikuja nayo kutoka kwake.

Alipohitimu, Chausiku alidai mtoto. Amissi akasema ngoja Idi. Chausiku akasema ahadi haikuwa Idi. Amissi akacheka kwa pua, akasema haoni haraka ya nini, mtoto ameshiba, amevaa, na ameanza kujifunza yeye ni nani. Alipotoka uani Chausiku alijua kwamba Asiya hatarudi kwa hiari ya mtu huyu. Jambo ambalo hakulijua ni kwamba Amissi alikuwa akiogopa. Mwanamke huyu alikuwa shahidi pekee kwamba Jumbe amekaa kigodani akifundishwa na mtumwa. Siku Waingereza wakija, naye anatoka mbele na maneno yake, mjakazi mmoja akicheka sokoni atamharibia kila kitu. Na akiondoka kabisa, hakuna tena wa kudai mtoto wala michikichi. Basi kwa nini asiondolewe, hali Wadachi wapo na kazi yao ni hiyo?

Yule bwana wa Kidachi alifika kwa mashua kuchukua unga na mawese ya jeshi. Watu walimwita Bwana Miwani. Alikuwa amekonda, amechoka, na amekwisha kusikia kwamba meli za Waingereza kweli zimeshuka ziwani na kwamba moja ya Wadachi imenaswa. Waliomwona siku hiyo walisema hata salamu aliitikia kama anatema mfupa. Aliketi sokoni mbele ya watu wote, na kabla hajauliza habari za unga, Amissi akasimama na kusema ana neno. Yuko mwanamke hapa Rumonge, akasema, anayejua Kiingereza na kukisema kwa siri. Ni jasusi.

Askari walimleta Chausiku kutoka kwenye chungu chake, mikono bado ina mafuta. Walimsimamisha katikati. Alimwona Amissi, akaelewa mara moja. Hakuogopa kamba. Aliogopa kwamba Asiya atakua katika nyumba ile na kuambiwa mama yako alinyongwa kwa ujasusi.

Bwana Miwani alikisema Kiswahili cha kijeshi, kigumu lakini cha kueleweka. Hakumwuliza mwanamke. Alimwuliza Jumbe.

"Wewe umesikia. Maneno gani? Taja."

Amissi alifungua mdomo. Yamkini alikusudia kutaja elembiki, neno lisilo na ubaya, lenye kunukia marashi. Lakini elembiki ilikuwa katikati ya mkufu. Aliitafuta na hakuipata. Watu wakamwona Jumbe wao anatoa jasho na kutafuna hewa. Bwana Miwani akarudia swali, safari hii akigonga kiatu kwa fimbo yake. Ule mlio wa fimbo ndio uliomaliza kazi. Macho ya Amissi yalijifumba, mabega yakaanza kuyumba mbele na nyuma, na sauti ikatoka yenyewe, nzuri, ya chuoni.

"Admirali, mukubwa wa merikebu za vita, mwana wa amiri, nimelipokea kwa Bwana Penirosi Mwingereza, naye kwa baba yake. Arsenali, nyumba ya silaha, mwana wa dar-sinaa, nimelipokea kwa Bwana Penirosi Mwingereza, naye kwa baba yake. Magazini, ghala ya baruti…"

Hata wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliacha kunadi. Maneno yale Wadachi nao wanayo, karibu vile vile, kwa kuwa watoto wa baba mmoja hufanana. Bwana Miwani hakuhitaji mkalimani. Alisikia mkuu wa meli. Alisikia nyumba ya silaha na ghala ya baruti. Alisikia kila mara jina la Mwingereza, na mtu aliyelitaja alikuwa jumbe wake mwenyewe, anayejua unga wa jeshi unahifadhiwa wapi na mashua zinapita lini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Amissi bado alikuwa akiendelea. Chausiku angeweza kumkatiza. Kikohozi kimoja kingetosha. Hakukohoa.

Amissi alifika mwisho, akafumbua macho, na hapo tu ndipo alipoyasikia aliyoyasema. Akaanza kupiga kelele kwamba Bwana Penirosi amekufa zamani, kwamba hakumwona kamwe, kwamba maneno yote ameyapata kwa huyu mwanamke. Akamgeukia Chausiku na kumwita kwa jina ambalo hakupata kumwita.

"Mwalimu, waambie. Waambie ni wewe."

Bwana Miwani alimwuliza Chausiku kama anayajua maneno yale. Soko zima lilimtazama. Chausiku aliinamisha kichwa, akaipangusa mikono yake kwenye nguo.

"Bwana, mi ni mutumwa," alisema. "Jumbe mwenyewe anasema kila siku, watu wote wamesikia: sijui hata jina la baba yangu. Nitajua wapi mababa ya maneno ya Wazungu?"

Na watu, kwa kuwa kweli walisikia miaka yote, na kwa kuwa migongo yao ilikumbuka ile ruhusa ya kuchapa, waliitikia kwamba ndivyo, Jumbe amesema hivyo, huyu hajui kitu. Askari wakamwachia Chausiku mkono. Wakamshika Amissi, wale wale wawili aliopewa na Wadachi, wakamfunga na kumwingiza katika mashua. Ilielekea Usumbura, na yeye hakurudi tena. Miezi michache baadaye Wadachi walikimbia, na walioingia hawakuwa Waingereza hata kidogo, walikuwa Wabeleji na Kifaransa chao, kwa hiyo elimu ile yote isingemfaa hata angeishi.

Je, Chausiku alimhurumia? Tusimsingizie wema. Alifurahi. Alisimama ufukweni mpaka mashua ikawa nukta, akifurahi kwa moyo wake wote, na furaha ile ilikuwa chungu mdomoni na hakuitema.

Kisha akaenda nyumba ya Jumbe. Mwasiti alikuwa amekaa chini, khanga kichwani, amekwisha kupata habari. Hakubisha. Alisema tu, mutoto wako huyo, chukua, mutuache. Lakini Asiya alikuwa amejibanza nyuma yake na hakutaka kutoka. Chausiku alimwita kwa upole, kisha akamwita kwa jina lote, kisha akamshika mkono akamvuta. Mtoto hakulia. Alifuata kama anayepelekwa kuuzwa, akitazama pembeni njia nzima, na wanawake waliokuwa milangoni wakaacha kusalimiana.

Kibandani Chausiku alisonga ugali wa muhogo, akakaanga ndagala kwa mawese mapya, akaweka sahani karibu na mtoto. Asiya aliutazama mkono ulioiweka, wenye mafuta na majivu, akakisukuma chakula mbali.

"Wewe ni mutumwa," alisema. "Baba mukubwa alisema wewe hauna baba. Mi sikulagi kwa mutumwa."

Chausiku aliisogeza sahani tena, mpaka ikagusa goti la mtoto.

"Kweli, sina," alisema. "Kula."